Siku Niliposema Shahidi Amekataa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo huitazama mikono yangu. Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mama, na mbele yangu juu ya meza ya mahakama kulikuwa na Biblia yenye jalada jeusi, na kando yake Msahafu ndani ya mfuko wa kitambaa cha kijani. Saa nne ya asubuhi hiyo nilitamka sentensi moja fupi, na mpaka sasa sijui kama nimemaliza kuilipia.

Juzi ulinipigia simu kutoka Kwale una furaha ya kazi. Ukaniambia kwamba Jumatatu utaanza ukarani, na kwamba kabla hujakabidhiwa meza umeulizwa utaapa au utathibitisha. Ukacheka. Ukasema, "Baba, huku kwetu nani asiye na dini mpaka athibitishe?" Nikacheka nawe, maana kicheko cha mtoto huambukiza. Lakini simu ilipokatika kicheko kikanikauka, nikaenda kulitafuta daftari langu. Unanijua, mimi si mtu wa kalamu. Niliishia kidato cha pili, na mengi ninayoyaandika jioni huyafuta asubuhi kwa kuyaonea haya. Hili nimeamua nisilifute. Palipo na kosa nisahihishe, na palipo na majisifu yapunguze.

Mahakama yenyewe ilikuwa ya huku huku pwani ya kusini. Siitaji jina, kwa sababu waliokuwemo wengine wako hai na wengine wametangulia, na kosa ninalolisimulia halikuwa lao. Kazi yangu ilikuwa kuita majina, kupanga mafaili na kuwaapisha mashahidi. Shahidi akipanda, namwuliza dini yake. Akisema Muislamu, nampa Msahafu. Akisema Mkristo, nampa Biblia. Anashika kwa mkono wa kulia, anayafuatisha maneno ninayomsomea, basi. Nilikuwa nikifanya hivyo mara nyingi kwa siku, hata maneno yakawa yanatoka yenyewe kama maji ya bomba bovu.

Lakini usidhani nilikuwa mzembe. Hapo ndipo penyewe. Karani aliyenitangulia alikuwa akiutoa ule Msahafu kwenye droo kama mtu anayetoa rula. Mimi nilipoingia nilimwomba mama anishonee ule mfuko wa kijani, na kila asubuhi, kabla sijaigusa droo, nilitawadha kwenye bomba lililokuwa nyuma ya jengo. Wazee waliokuja na kesi zao za mashamba walikuwa wakiniona, wakasema yule kijana amelelewa. Nikavimba kichwa. Leo najiuliza kama nilikuwa nakilinda Kitabu au nailinda sifa yangu. Sijui. Pengine yote mawili. Kijana anaweza kubeba nia mbili ndani ya shati moja.

Jumanne hiyo kulikuwa na kesi ya kijana aitwaye Salimu. Alikuwa mtunza bustani kule Galu, na alishtakiwa kwamba alasiri moja alivunja nyumba wanayokodishiwa wageni, akaiba. Mwenyewe alisema kwamba alasiri hiyo alikuwa Msambweni, hospitalini, ameketi na mama yake mgonjwa. Wauguzi hawakumkumbuka, wala siwalaumu, maana nani atazikumbuka sura zote zinazosubiri kwenye korido za hospitali? Na mama mwenyewe hakutoka hospitalini humo akiwa hai. Ikabaki roho moja tu duniani iliyojua Salimu alikuwa wapi, nayo ni dada yake, Mwanasha, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda kile kile.

Mwanasha alikuwa msichana wa rika langu, mshona makuti. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo madogo ya kazi hiyo. Nilimwita, akapanda, buibui yake imefifia weusi na juu yake amejitanda leso. Nikamwuliza jina, akalitaja. Nikamwuliza dini, akasema Muislamu. Nikautoa Msahafu mfukoni kwa madaha yangu yote, nikamwelekezea.

Mkono wake ulipanda mpaka nusu ya njia, kisha ukarudi ndani ya leso.

Nikadhani haya za mtu aliyekuja mahakamani mara ya kwanza. Nikausogeza Msahafu karibu zaidi. Akainama, akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Siwezi, kaka."

"Huwezi nini?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya chini.

"Leo siwezi."

Kwenye mabenchi kukazuka mnong'ono. Unajua huku kwetu, mwanangu. Mtu akiusogelea Msahafu kisha akarudi nyuma, watu hawangoji hukumu. Mzee mmoja alisema, tena akakusudia asikike, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Inspekta aliyesimamia mashtaka akasimama akasema kwamba anayekiogopa Kitabu ana lake jambo. Simlaumu sana, alikuwa anaifanya kazi yake, na jambo lenyewe kwa macho lilionekana hivyo. Wa kulaumiwa ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu, mimi ndiye niliyesikia alivyosema. Nikanyoosha mgongo, nikamgeukia hakimu, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Mheshimiwa, shahidi amekataa kushika Msahafu."

Yeye alisema hawezi. Mimi nikasema amekataa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kidole ningekifunga kitambaa.

Hakimu alikuwa mama wa bara, Mkristo, mtu wa kuyachagua maneno ya Kiswahili mojamoja kama achaguaye mchele. Alimwuliza Mwanasha sababu mara tatu, na kila mara kwa upole zaidi. Mwanasha hakujibu. Husemwa muungwana akivuliwa nguo huchutama. Binti yule alichutama pale pale akiwa wima, macho sakafuni, mikono ndani ya leso. Kutoka kizimbani Salimu akamwambia, "Dada, sema basi." Dada akatikisa kichwa. Hakimu akasema kwamba hawezi kuusikiliza ushahidi usiotanguliwa na kiapo. Akatutoa kwa chai, akasema kwamba tukirudi, hali ikiwa ni ile ile, utetezi utaendelea bila shahidi huyo. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Bila Mwanasha, Salimu alikuwa anakwenda jela.

Sasa nikujulishe kwa Mzee Nyawa. Alikuwa mkalimani wetu wa Kiduruma na Kidigo, mwenyeji wa Kinango, mtu mwembamba mwenye chupa ya chai asiyeachana nayo. Hakuwa Muislamu wala Mkristo. Alishika dini ya wazee wake, na hakuna aliyemsumbua kwa hilo, labda kwa sababu aliwatania watu kabla hawajaanza kumtania yeye. Wakati wa mapumziko aliniita kwenye chumba cha mafaili, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa na kipande cha muhogo. Nilidhani ananipongeza.

"Una dada wangapi?" akaniuliza.

"Wanne, mzee."

"Mashaallah. Na Ramadhani iliyopita walifunga siku zote, hao wanne?"

Nilifungua kinywa nijibu kwamba bila shaka, nyumba yetu ni nyumba ya swala. Ndipo nikakumbuka. Nilimwona dada yangu mkubwa, kama ninavyoliona daftari hili, ameketi nyuma ya mlango wa jikoni mchana wa mfungo, ameupa mlango mgongo, anakula ugali wa baridi upesi upesi. Nilikuwa mdogo. Mama aliniambia nipite tu kama sikuona. Kila nyumba ya Kiislamu huku kwetu ina mlango kama huo, mwanangu, na kila mtoto wa kiume aliyelelewa vizuri hujifunza kupita. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, haswali, na Msahafu haushiki. Nilifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa na miaka saba. Nililijua hilo kuliko nilivyolijua jina la hakimu wangu.

Mzee Nyawa aliona uso wangu umebadilika. Hakupandisha sauti. "Mimi si wa dini yenu," akasema. "Lakini nimekaa na nyinyi Wadigo mpaka nimeyajua mnayoyasitiri. Wewe umezaliwa humo ndani. Yule binti ulimpa Kitabu, au ulimpa aibu?"

Nikaiweka chai chini. Nilisimama niende kwa hakimu mbio nikamweleze. Mzee akanishika shati.

"Ukamweleze nini? Mwili wa binti wa watu? Utakuwa umemvua mara ya pili."

"Sasa nitasema nini, mzee?"

"Sema lako. Lake mwachie mwenyewe."

Kisha akanituma niifungue droo yangu, nitoe vyote vilivyomo. Chini kabisa, chini ya karatasi za kaboni na mihuri iliyokauka, kulikuwa na kadi ngumu iliyoliwa pembe na mende. Ilikuwa na maneno ya kuthibitisha. Mle hamkutajwa Mungu wala kitabu. Mtu anasema tu kwamba anathibitisha kwa dhati kuwa ushahidi atakaoutoa ni wa kweli, na akisema uongo sheria inamkamata sawasawa na aliyeapa. Nilikuwa nimekaa juu ya kadi hiyo mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia ipo, lakini pia sikuuliza.

Mzee akaipuliza vumbi. "Hii ndiyo niliyoisoma mimi siku ya kuajiriwa," akasema. Akanisimulia kwamba karani wa siku hizo alimpangia vitabu viwili achague, kama mwenye duka. Yeye akamwambia kwamba anaviheshimu vyote viwili, na kwa sababu anaviheshimu hawezi kuviapia na hali si vyake. Akasema baba yake aliapa mara moja tu katika maisha yake, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, na siku hiyo mama aliwakataza watoto wasimsemeshe mpaka jua lizame. "Kwetu kiapo si salamu," akasema. "Basi nikathibitisha. Na tangu siku ile sijalipindua neno la mtu yeyote, ijapokuwa Wadigo wengi wamenipa sababu."

Nilicheka huku macho yamenilowa. Alikuwa na namna hiyo, mzee yule, ya kukupiga na kukupuliza kwa wakati mmoja.

Tuliporudi ndani nilisimama kabla hakimu hajaita. Mabenchi yalijaa wale wale waliokuwa wakinisifu kwa kutawadha. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba kusahihisha. Nilisema shahidi amekataa. Hakukataa. Mimi sikumweleza kwamba kuna njia nyingine ya kuahidi kusema kweli bila kushika kitabu. Kosa ni langu."

Hakimu akaivua miwani. Nadhani alielewa, naye ni mwanamke, lakini siwezi kusema kwa uhakika, maana uso wake haukuonyesha. Akasema, "Hata mimi nilipaswa kumweleza, karani. Tumekosa wawili." Neno hilo mpaka leo namwombea kwalo.

Inspekta alipinga, na ni haki niyaandike aliyoyasema. Alisema kwamba mtu mwenye dini yake akiachwa athibitishe tu, ni kama mlango uliofungwa bila komeo, kwa sababu wengi hawaogopi sheria bali wanamwogopa Mungu. Si neno la kipumbavu. Mimi mwenyewe nikiitwa mahakamani leo nitaomba Msahafu, kwa sababu najijua. Hakimu akamjibu kwamba yaliyo baina ya mtu na Mola wake mahakama haina ruhusa ya kuyafunua. Akamgeukia Mwanasha, akamwuliza anapenda aape kwa mdomo bila kushika kitu, au athibitishe.

Mwanasha aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Naomba hayo ya kadi, mheshimiwa," akasema. "Mungu ananisikia hata nisipomtaja."

Nikamsomea, akafuatisha. Kati yetu wawili, mwenye sauti ya kutetemeka nilikuwa mimi.

Alieleza habari ya hospitali, ya mama yao, ya Salimu kumshika mama miguu kwa sababu alilalamika baridi. Kisha inspekta akamwuliza swali ambalo hata mimi niliona ni mtego. Je, ndugu yako alikuwa hapo muda wote, hakuondoka hata kidogo? Angesema hakuondoka, ni nani angembishia? Mama yuko kaburini, wauguzi hawakumbuki, na mkononi hana kitabu cha kuogopa.

"Aliondoka," Mwanasha akasema.

Salimu akafumba macho.

"Alikwenda kumtafutia mama dafu. Sikutazama saa. Mama aliamka akamwulizia, akasinzia, akaamka tena akamkuta amesharudi, analikata."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Nilimtazama Mzee Nyawa, naye alikuwa anaitazama dari kana kwamba hayamhusu.

Hukumu ilikuja baada ya wiki kadhaa. Salimu aliachiliwa. Hakimu alisema kwamba kutoka Msambweni hadi Galu na kurudi si safari ya kufuata dafu, na kwamba shahidi asiyelificha neno linalomuumiza anastahili kuaminiwa katika lile linalomfaa. Mimi sikuwepo Galu alasiri ile, mwanangu, kwa hiyo sitakuthibitishia kwamba Salimu alikuwa safi. Ninachoweza kusema ni kwamba dada yake alisema alichokiona.

Watu walipokuwa wanatoka, Mwanasha akaja kwenye meza yangu. Nikajiandaa kusutwa, na nilistahili. Sikujua niyaweke wapi macho. Nikaona mikono ya buibui yake imelowa mpaka kwenye viwiko, matone yanadondoka sakafuni. Alikuwa ametoka kutawadha kwenye lile bomba langu.

"Kaka karani," akasema, "leo naweza."

Nikautoa Msahafu kwenye mfuko wa kijani, nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka kwenye paji la uso, akatulia hivyo kwa kitambo. Hakuna aliyemwuliza kitu, kesi ilikuwa imekwisha, hakuwa na la kumthibitishia yeyote. Kisha akanirudishia, akamfuata nduguye mlangoni. Ilibidi hakimu aniite mara mbili ndipo nikasoma jina la kesi iliyofuata.

Basi, mwanangu, uliponiuliza nani huku kwetu athibitishe, jibu ndilo hilo. Mwanasha alithibitisha, na alikuwa na dini kunishinda. Mzee Nyawa alithibitisha, na sikumjua mkalimani mkweli kuliko yeye. Nimewaona pia walioapa kwa vitabu vyote viwili wakasema uongo mweupe, na nimewaona waliothibitisha wakafanya vivyo hivyo, kwa hiyo usinisikie nikisema njia hii ni bora kuliko ile. Wewe mwenyewe Jumatatu apa au thibitisha, lolote litakaloushika moyo wako. Lakini ukishaketi mezani, kila atakayepanda mwambie njia zote, kabla hujamsogezea kitu, tena kwa sauti ya kumtosha yeye peke yake. Iweke kadi juu, pamoja na vitabu, isikae chini ya karatasi. Akisita, usimwulize sababu. Wapo wasemao mficha uchi hazai. Huo ni ushauri wa kumpa mgonjwa mbele ya mganga, si wa kumpa shahidi mbele ya umati. Na akikuambia hawezi, mpelekee hakimu neno hilo hilo alilokupa, usilibadilishe kwa neno lako. Siku utakapokosea, na utakosea kwa sababu wewe ni damu yangu, simama ulitaje lako hapo hapo, mbele ya wale wale waliokusikia.

Ule mfuko wa kijani ninao. Walipobadilisha samani waliniachia, na mama hayupo tena wa kushona mwingine. Nimekufulia, nimeuanika, umekauka. Nitakuletea Jumapili.

Mola akujaalie mkono mwepesi wa kutoa na ulimi mzito wa kuhukumu. Akupe kazi isiyokuvimbisha kichwa, na mzee wa kukumiminia chai siku utakapohitaji kuambiwa. Na kila utakayemwita apande, ashuke na sitara yake.